Mungu wa Nicodemus na Mungu wa Beryl

"Mfungeni," Nicodemus alisema. "Miaka yote ambayo sheria inayo, mpeni. Msimbakizie hata mmoja."

Emmah, afisa wa probesheni, aliacha kuandika. Kazi yake ilikuwa kupita kwa waliofiwa kabla ya hukumu, kuwauliza wanaonaje, kisha kumpelekea hakimu maneno yao. Alizoea kukuta machozi. Katika chumba hiki cha Bondeni alikuta Biblia mbili mezani, na mume na mke wasiotazamana.

Kijana wao, Griffins, alikuwa akiuza vinyago kwenye barabara ya Ndia Kuu. Siku moja yeye na mwenzake Kingi waligombania mtalii. Kingi akamsukuma, kichwa kikagonga ngazi ya mawe, na Griffins hakuamka tena. Kingi alikiri kuua bila kukusudia. Sasa yuko rumande, analia kila akisikia jina la marehemu.

"Na wewe, mama, waonaje?"

"Mimi nimemsamehe," Beryl alisema kwa upole. "Mungu wangu ni yule baba aliyemkimbilia mwanawe mpotevu, akamchinjia ndama. Mwacheni huru huyo mtoto. Siku akitoka aje hapa moja kwa moja, nimpikie kwa mkono wangu."

Nicodemus alicheka kicheko kikavu. "Mungu huyo umempata lini, Mama Griffins? Tangu maziko sijakusikia ukimtaja."

Akaivuta Biblia yake, akaifungua huku mwanzoni, kwa Musa. "Huku Mungu hachezi na mtu, binti yangu. Aliyeua anawekwa ndani ya mji wa makimbilio, na humo anakaa. Akivuka mpaka, jamaa wa marehemu akamkuta nje, ni damu kwa damu. Mji huo nyinyi mnao. Mnauita gereza. Mwekeni humo."

"Mzee, hivyo ni vitisho."

"Ni maneno ya Mungu. Yaandike. Halafu, sisi kwetu hatuli na mtu aliyemwaga damu yetu. Mke wangu alilijua hilo kabla hajajua kusonga ugali."

Beryl alitabasamu tu, akamwongezea mgeni chai.

Emmah akaandika alichokiona: mama mwenye moyo wa malaika, baba mwenye moyo wa jiwe. Tusimlaumu. Nani asingempenda Beryl siku ile?

Jumapili Mchungaji Gunga alihubiri mpaka shati likalowa. Alisimulia juu ya Mungu wa gharika na wa moto wa Sodoma, Mungu aliyewaua wazaliwa wa kwanza wa Misri. Kisha akasimulia juu ya Mungu aliyetundikwa msalabani, akawaombea msamaha waliompigilia misumari. "Wengine wetu," alisema, "bado wanaabudu moshi wa mlimani." Macho ya kanisa zima yakageukia benchi la Nicodemus.

Baada ya ibada Nicodemus aliombwa apumzike kidogo uzee wa kanisa. Iliuma. Kanisa lile alikuwa amelijenga kwa mikono yake, tangu alipokuwa fundi wa reli. Lakini hakubishana. Alimvuta Gunga pembeni.

"Mchungaji, wakimtoa huyo kijana, atakufa."

Gunga alirudi nyuma. "Unajisikia unavyosema, mzee?"

Nicodemus alifungua mdomo. Kule mlangoni alimwona Beryl katikati ya akina mama, wanamshika mikono, wanamsifu. Akaufunga.

Kesho yake polisi walikuja kumwonya akae mbali na Kingi. Beryl aliwakaribisha maji ya ndimu na kuwaomba wamwelewe mumewe, ni uchungu tu.

Hakimu alimsikiliza mama. Kingi akapewa kifungo cha nje, na watu wa kanisa wakamsindikiza kutoka mahakamani mpaka Bondeni kwa nyimbo, amekonda, suruali inampwaya kiunoni. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Waumini walipakuliwa kutoka sufuria moja. Kingi, kwa kuwa ndiye mgeni wa heshima, aliletewa sahani yake peke yake: samaki mzima wa nazi na ugali wa moto.

"Mama, mimi sistahili," alisema, na machozi yakamshuka.

"Kula, mwanangu. Kula ushibe."

Gunga aliomba baraka, akamshukuru Mungu ambaye ni upendo. Wengine walikuwa wanafuta macho. Nicodemus alisimama ukutani, mikono kifuani, na mashemasi wawili wamekaa karibu naye kwa tahadhari.

Kingi alinyoosha mkono. Nicodemus akawapita mashemasi, akainama, akaivuta ile sahani.

"Hata chakula anamnyima," mtu alinong'ona. "Jamani, roho gani hii?"

Walingoja aitupe. Hakuitupa. Alikaa chini kando ya Kingi, bega kwa bega, mzee aliyeapa kwamba hatakula na muuaji wa mwanawe. Akamega ugali, akachovya kwenye mchuzi, akautia mdomoni. Muda wote huo alikuwa akimtazama mkewe.

"Baba Griffins, tema!" Beryl alipiga ukelele, bakuli likamponyoka. "Tema! Si yako hiyo! Tema!"

Nicodemus alikuwa ameshameza, na sahani ameikumbatia kifuani, Kingi asije akaifikia.