Chumba cha Joto cha Himbi

"Na kwa inje, papa, mutu anaweza kusikia sauti ya ule mwenye iko ndani?"

Kambere alikuwa amepiga magoti nyuma ya kibanda cha mbao, bisibisi mkononi. Swali hilo lilimsahaulisha skrubu aliyokuwa akiikaza. Alikuwa fundi umeme tangu ujana wake, na sauna za nyumbani alikuwa amekwisha kuzifunga kwa watu wenye nafasi zao. Mtu anayetaka kutoa jasho kwa raha zake haulizi habari za sauti.

"Mbao ni nzito," alijibu. "Sauti haitoke sana."

"Ni muzuri," akasema mwanamke.

Alijitambulisha kwa jina la Nsimire, basi. Jumba hilo la mtaa wa Himbi lilikuwa la tajiri mmoja aliyekimbilia ng'ambo mara waasi walipoingia Goma, akaacha kibanda chake kipya hakijafungwa, na betri za jua zimejaa wakati mji mzima haukuwa na umeme. Nsimire alikuwa mlinzi wa nyumba au mwenyeji mpya? Kambere hakuuliza. Siku zile kuuliza kulikuwa njia ya mkato ya kutoweka. Aliyejua alinyamaza, na asiyejua alinyamaza zaidi.

Akamweleza kama alivyomweleza kila mteja. Kibanda kisigusane na ukuta. Kiwe na waya wake peke yake, kisichomekwe pamoja na friji. Maji yasimwagwe humo hata tone, maana hii si sauna ya mawe. Joto linatoka kwenye vile vibao vyeusi vya umeme vya ukutani na kumwingia mtu mwilini moja kwa moja. Nusu saa inatosha, na maji ya kunywa yawe karibu. Mlevi, mwenye moyo mgonjwa, mja mzito, mtoto: hao wasiingie.

Nsimire aliinamisha macho. "Na kama ni joto kidogo tu, lakini usiku muzima?"

"Apana, mama. Mutu atakauka. Yeye mwenyewe atasikia vibaya, atafungua mulango, atatoka."

"Ule wa ndani hawezi kufungua," alisema polepole. "Na hawezi kusema."

Kambere aliweka bisibisi chini. Wakati uleule, kutoka chumba cha mwisho wa ukumbi, kilisikika kilio chembamba, kikakatika ghafla, kama kilichozibwa kwa mkono. Sauti ya mwanamume ikanong'ona, "Nyamaza, batasikia." Kwenye mlango wa chumba hicho palikuwa na ndoo yenye shuka zilizolowa damu, na kando yake jozi ya buti za kijeshi zenye tope.

Akamkumbuka Julien, mdogo wake, aliyechukuliwa mchana kweupe kule mtaa wa Katoyi na watu waliovaa buti kama zile. Tangu siku hiyo hakuna aliyejua alipo. Labda alikuwa nyuma ya mlango ule. Labda si yeye, ila ni mdogo wa mtu mwingine. Joto dogo la usiku kucha, ndani ya sanduku lisilotoa sauti, humchosha mtu mpaka aseme yote, na mwilini halimwachii alama. Kambere aliwachukia watu wa nyumba hiyo kwa moyo wake wote.

Angekataa kazi, wangemwita fundi mwingine, asiyejali. Basi akaimaliza. Akawasha, vibao vikapata moto, akamwambia Nsimire aingize mkono. Mwanamke alifumba macho, na machozi yakamlengalenga. Hata huruma wanaigiza, Kambere akawaza.

"Mama, unipatie maji ya kunywa."

Alipotoka tu, Kambere alifungua kifuniko cha juu, akachomoa nyaya za vibao, za taa akaziacha. Kipimo cha kibanda cha namna ile huonyesha joto uliloliomba, si lile lililomo. Taa ingewaka, namba zingekaa palepale, na mbao zingepoa taratibu bila mtu kushtuka.

Nsimire aliporudi na maji, alimwagiza kwa sauti ya kazi, "Musifungue-fungue mulango. Joto itakimbia."

"Hatutafungua." Akamshika mikono yote miwili. "Mungu akulinde, papa."

Kambere alijinasua, akachukua mfuko wake wa vyombo na kuondoka bila kugeuka.

Jioni ile mvua ilishuka kutoka upande wa volkano, na baridi ikaingia mpaka chini ya blanketi. Kambere alisali rozari kwa ajili ya yule asiyemjua, akamtaja na Julien. Kwa mara ya kwanza tangu vita viingie mjini alilala usingizi mzito, akiwa na furaha ya mtu aliyetenda jambo la maana.

Asubuhi mkewe, Katungu, alirudi nyumbani. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi hospitalini, na mapigano yalikuwa yamemfungia kazini. Aliketi kizingitini, akavua viatu vilivyolowa.

"Balikuita kule Himbi, papa Christa?" akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Kambere alishtuka. "Nani amekuambia?"

"Ni mimi nilibatuma kwako. Nilibakataza kukuelezea kitu, juu papa ya batoto ni askari wa serikali, waasi banamutafuta nyumba kwa nyumba." Akapiga miayo, akamtazama mumewe kwa tabasamu la mtu aliyechoka. "Mashine yetu ya kutia batoto joto kule maternité imezimika. Ni mapasa, batoto babili benye kuzaliwa na miezi saba, kila mumoja anaenea mu kiganja. Joto ilibakia mpaka asubui?"