Safu ya Mbele

"Huyo analia, au mchanga umemwingia jichoni?"

Mama aliyevaa hariri ya kijani hakujisumbua kushusha sauti. Jukwaani, msichana aliyekuwa akilia alikatiza kwikwi na kusahau maneno yake. Vijana waliojipanga ukutani wakingoja kujaribiwa walitazamana. Kila mmoja wao, alipoingia, alikuwa amemwamkia mama huyo kwa unyenyekevu, maana alikaa peke yake safu ya mbele, mgongo umenyooka kama mwimo wa mlango, mkoba mapajani.

"Mama, tuvumiliane," mwongozaji alisema kutoka mezani kwake. "Zamu yako itafika."

Mama akabetua midomo. Mwongozaji! Kijana wa shati la maua, kiatu chake kakipandisha juu ya kiti. Enzi zake mama, mwongozaji alikuwa akikohoa tu, hata panya wa darini wananyamaza.

Jengo lenyewe lilikuwa ghala la chumvi kabla ya kujengwa jukwaa, na wazee walikuwa wakisema ni ile chumvi iliyowatoa watu machozi. Walijaa hadi madirishani. Mama alipocheza malkia mjane, mwanamume mmoja alipanda jukwaani kumposa mbele ya mkewe. Kisha paa likavuja, milango ikafungwa, ukumbi ukawa duka la magodoro.

Sasa ulikuwa umefunguliwa tena, na bango la mlangoni lilikuwa limemtia kichefuchefu. Ijumaa, wachekeshaji wanaoangushana. Jumamosi, harusi. Jumapili, watu wanaimba kwa kufuatisha nyimbo za wenzao na kupigiwa makofi. Tamthilia ilikuwa moja tu, hii waliyokuja kujaribiwa, ya ndugu wanaogombea nyumba kabla mama yao hajazikwa, nayo imesukumizwa Jumatano, siku ambayo hata paka hatoki.

"Anayefuata!"

Akapanda mvulana mwenye sauti ya mbu. Mama akapiga mwayo waziwazi. Akapanda mwingine, akafoka hadi mishipa ya shingo ikamsimama.

"Debe tupu," mama akasema.

Yule msichana wa kwikwi, badala ya kwenda zake, alimsogelea na kuinama.

"Shikamoo, mama. Nilikosea wapi?"

"Marahaba. Ulikosea ulipotoka nyumbani."

Msichana akazidi kuinama. "Basi nifundishe. Hata wiki ijayo nitakuja."

"Kipaji si nywele, mwanangu, kwamba utabandika."

Msichana aliondoka mbio akilia, na safari hii kilio kilikuwa cha kweli. Mama alikisikiliza kwa makini hadi mlango ulipojifunga.

"Hicho ndicho angekitoa kule juu," akanung'unika. "Mjinga."

Waliobaki walijaribiwa wakaisha, mmoja mmoja, kila mmoja akiteremka huku akitupa jicho la wizi safu ya mbele, na kila mmoja akiambulia bega la mama lililopandishwa kwa dharau. Ukumbi ukabaki mtupu. Mwongozaji akashusha kiatu, akavua miwani, akamgeukia mama kwa adabu.

"Haya, mama yangu. Samahani kwa kukuweka. Sasa tukusikie wewe."

Mama akauacha mkoba kitini. Akapanda ngazi taratibu, mkono ukipapasa ukuta, akasimama palepale walipokuwa wamesimama wale watoto. Akataja jina lake. Mwongozaji akamwomba alirudie, hakulishika vizuri. Akalirudia.

"Na unaomba nafasi gani, mama?"

"Ya marehemu," alisema, akajilaza sakafuni na hariri yake, akafumba macho na kuibana pumzi.