Mswaki wa Nyegere

Ubishi wa Nyegere ulijulikana pori zima, na asali ilikuwa imemtoboa jino. Akaenda kwa Kigogota, fundi wa matundu, ambaye alilichokonoa jino lile kwa mdomo wake, kisha akaliziba kwa gundi chungu yenye dawa ya kuua vijidudu.

"Mswaki usiache, ndugu yangu," Kigogota alimwambia.

"Wa nini tena? Si umeshaniwekea mlinzi?"

Nyegere alipofika nyumbani aliugeuza mswaki wake komeo la mlango, akaendelea kulamba asali bila wasiwasi. Haukupita muda, shavu likavimba kama lililoficha tonge, na hata asali ikamshinda. Akarudi kwa Kigogota amefura kwa hasira.

"Dawa yako feki!"

"Hebu panua." Kigogota akakwangua utando mzito uliofunika gundi. "Dawa ingali kali. Vijidudu vya kwanza vilikufa vyote. Vilivyofuata vikatandika maiti za wenzao kama mkeka, vikakaa juu yake, vikawa vinalitafuna jino pembeni."

"Kumbe mlinzi alilala!"

"Hakulala, bwana. Wewe ndiye uliyemfunika blanketi."

Tangu siku hiyo, mlango wa Nyegere hauna komeo.