Mafuta ya Ng'ombe Kutoka Idjwi

"Mukigusa ile neti, mutoto atakufa," alisema Marcelline, amesimama mlangoni, mikono yake ikinuka sabuni.

Wakubwa wa ukoo wa mume wake walikuwa wametoka kisiwa cha Idjwi kwa boti, na chungu cha mafuta ya ng'ombe. Kwao, mtoto ambaye bibi yake hajampaka mafuta mbele ya ukoo ni mgeni tu. Huyu alikuwa na miezi minne, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona uso.

"Wawili umeisha kuzika," alisema Papa Barthélemy, mkubwa wa ukoo. "Huyu kama hapakwi leo, tunaenda naye Idjwi. Weye utabakia na sabuni yako."

Polycarpe, baba wa mtoto, alikuwa Shabunda akichimba dhahabu ambayo nyumbani hakuna aliyepata kuiona. Wa kumtetea Marcelline hakuwepo.

Akajaribu tena maneno ya daktari. Ndani ya damu kuna walinzi wadogo sana, na ngozi ya kila mlinzi ni mafuta. Kwa mtoto huyu mafuta hayo hayabebwi kufika yanapotakiwa kwenye ngozi ya walinzi, basi walinzi wanakufa kabla ya kukomaa. Kikohozi cha mtu mmoja kinatosha kumuua; ndiyo maana analala ndani ya neti, na anayemshika hunawa kwanza kwa sabuni.

"Anakosa mafuta?" Maman Emérence, bibi wa mtoto, alicheka bila meno, akagonga chungu. "Haya si ndiyo mafuta! Daktari angeuliza ngombe."

Barthélemy alicheka mpaka akakohoa. Akakohoa tena.

Marcelline aliingia ndani. Alikawia. Alipotoka alikuwa amembeba mtoto ndani ya kitenge, na nyuma yake Apolline, jirani ambaye naye alikuwa ananyonyesha, macho chini.

Mtoto akapita mkono kwa mkono. Emérence akampaka kichwa, kifua, nyayo. Barthélemy akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso.

"Muangalie mashavu! Na munasema iko mugonjwa!" alisema Barthélemy.

Mtoto akalia. Apolline akajishika kifua haraka. Marcelline hakulia; aliangalia tu, kama mtu anayesubiri jeneza lipite.

Wakubwa wakashuka ziwani wakiimba. Emérence peke yake alibaki nyuma, akifuta vidole kwa majani ya mgomba.

"Murudishie Apolline mutoto wake," alisema kwa sauti ya chini. "Na ule wetu, usimufungulie mutu neti. Hata mie."