Mzigo Uliotangulia

Enzi wanyama walipokuwa wakienda kuzuru Chemchemi Kuu kwa miguu, Bibi Nungunungu alirudia safari aliyowahi kuifanya na marehemu mumewe. Alitamani jambo moja tu: kupokewa kama zamani, wenyeji walipokuwa wakiwakimbilia njiani na kuwatua mizigo.

Punda, msafiri mwenzake mpenda wepesi, akamwambia, "Bibi, nipe furushi nitangulie nalo kituoni. Wewe tembea kama bibi harusi."

Bibi akampa. Jioni akafika kituoni mikono mitupu. Kanga, wenyeji wa pale, walikuwa uani wakipiga soga.

"Hamjambo, wanangu?"

"Hatujambo, bibi. Shikamoo. Unapita?"

"Nimefika."

"Ah, pole! Leo tuna mgeni wa safari, katoka mbali kweli."

Bibi akachungulia ndani. Furushi lake lilikuwa limelazwa kwenye mkeka mpya, bakuli la uji kando yake.

"Mgeni mwenyewe ni mimi!"

Kanga wakaangua kicheko. "Msafiri gani hana hata kibuyu?"

Mpaka Punda aliporudi kutoka malishoni na kumtambulisha ndipo wakamwomba radhi. Bibi akalala, lakini hakuna aliyekuwa amemkimbilia.

Asubuhi akajitwika furushi mwenyewe.

"Utaumia, bibi," Punda akasema.

"Acha niumie kidogo, mwanangu."

Jua lilipopunga, Pimbi asiyemjua akateremka mbio kutoka majabalini. "Shikamoo, bibi! Lete nikupokee!"

"Marahaba," akajibu Bibi, akilishusha furushi polepole, asitake kupokewa kule kuishe upesi.