Jina Chini ya Makala

Kila asubuhi Shemsa alimsomea gazeti baba yake, asiyeona. Mzee alimpenda sana mwandishi mmoja asiyetaja jina, aliyetetea wasichana wasome.

"Bwana huyu ningemjua, ningekuozesha kwake leo leo!" alitania.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Shemsa alikuwa amekubali jina lake lichapwe. Akamaliza makala, akalisoma: "Shemsa binti Athumani."

"Soma vizuri, mwanangu."

"Nimesoma vizuri, baba."

"Jina la binti yangu? Vinywani mwa wanaume wa mji mzima?"

Mzee akapapasa fimbo, akainuka. Shemsa akampa mkono, mzee akausukuma. Fimbo ikawa inagonga ukuta, ikitafuta mlango.

Shemsa akafunua ukurasa wa pili, akaendelea kumsomea: tanzia, bei ya mchele, mvua za kesho.