Wimbo wa Jumapili

Siku mlima ulipoporomoka na kumfukia Mbonea, mkewe Namsifu na mama mkwe wake, mamake Mbonea, walibaki bila nyumba. Mataifa yaliwajengea nyingine yenye ukuta wa kioo kama wa televisheni, ambao wafadhili wa ng'ambo huutumia kuwatazama na kuzungumza nao kila Jumapili. Nyumba isiyo na furaha hupewa watu wengine.

Jumapili ya kwanza, mama mkwe alikuwa sakafuni akimlilia mwanawe kwa mbolezi, wimbo wa msiba.

“Bibi ana nini?” wafadhili wakauliza.

“Anaimba,” Namsifu akajibu upesi. “Anawashukuru.”

Ukuta ulipozimika, bibi alijifuta machozi. “Kumbe mimi mwimbaji! Mbonea angecheka, mwanangu.”

Namsifu alishindwa kumtazama usoni.

Siku hizi, kila Jumapili saa nne, mama mkwe huvaa kitenge kipya, hukaa mbele ya ukuta na kumlilia Mbonea, nao wafadhili humpigia makofi.